Saa Moja Kabla ya Kisu

Alfajiri ya Agosti, katika mwaka unaogawika kwa mbili, mvulana wa Kibukusu hupelekwa mtoni kabla ya jua kuchomoza. Huogeshwa kwa maji baridi, hupakwa tope, kisha hurudishwa nyumbani kwa nyimbo. Uani kwa baba yake husimama wima, macho yakitazama mbele, naye ngariba hufanya kazi yake. Asipepese jicho. Akipepesa, kijiji kizima kitakumbuka. Waulize wazee wa Bungoma, au majirani zao wa Lugari na Likuyani upande wa Kakamega, tope hilo ni la nini, nao watakupa maana nyingi za mila. Mojawapo haina fumbo lolote: mwili uliopoa hauumi sana, wala hautoki damu nyingi.

Hapo wazee wanakubaliana na vitabu vya tiba. Neva iliyopoa hupitisha habari ya maumivu polepole, na ikipoa zaidi haipitishi kabisa. Dominique-Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, aliliona hilo mwaka 1807 kwenye vita vya Eylau, ambako askari waliokatwa viungo katikati ya baridi kali hawakulalamika kama wengine. Katikati ya karne hiyo hiyo Mwingereza James Arnott alichanganya barafu na chumvi, akawa anaweka juu ya ngozi kabla ya kukata, hata akaujaribu mchanganyiko huo kutibu uvimbe wa kansa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ganzi ya juu ya ngozi ni anasa mpya ya hospitali za kulipia za Nairobi, mwonyeshe mto.

Kakamega ni mahali ambapo kustahimili kisu kuna heshima yake. Watu wa Isukha na Idakho hukusanyika Shinyalu au Khayega kutazama fahali wakipigana, na fahali anayegeuza mgongo hushusha jina la mwenyewe. Mtu aliyekulia katika maadili hayo akiingia thieta ndogo, chumba cha upasuaji mdogo, na kidonda sikioni hutarajia neno moja, jikaze, na mara nyingi ndilo analoambiwa. Makala haya yanawahusu wagonjwa wa kansa ya ngozi ambao neno hilo limewachosha, kwa kuwa wao hawakatwi mara moja maishani. Hukatwa mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka unaofuata.

Wengi wao ni watu wenye ualbino. Sensa ya 2019 ilihesabu 9,729 nchini Kenya. Mji wa Kakamega uko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Halafu kuna mawingu. Mvua za alasiri za Kakamega humfanya mtu aamini kwamba jua limepumzika, kumbe wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo isiyoonekana. Mtoto asiye na melanini anayekwenda shule bila kofia, au mama anayepalilia mahindi Navakholo kuanzia saa moja asubuhi, hukusanya madhara hayo siku baada ya siku, kimyakimya.

Ngozi hutoa taarifa mapema. Kwanza huja madoa mekundu makavu, magamba yanayokwaruza kidole ukiyapapasa. Kisha baadhi huwa magumu kama pembe. Kisha linatokea jeraha dogo mdomoni upande wa chini, kwenye ukingo wa sikio, puani, kwenye paji la uso, shingoni au nyuma ya kiganja, jeraha linaloota kigaga, kigaga kinabanduka, linatoka damu, linaota kigaga tena. Kwa watu wenye ualbino barani Afrika, kansa inayotawala ni ile ya seli bapa za tabaka la juu la ngozi. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 1985, uliowachunguza watu 350 wenye ualbino, ulionyesha jinsi uharibifu wa jua unavyoanza mapema, tangu utotoni. Kansa hii ikikatwa ingali ndogo, kwa kawaida mambo huishia hapo. Ikiachwa, hula sikio, hula shavu, huingia kwenye tezi za shingo.

Si wao peke yao. Mtu mweusi ti naye hupata kansa ya ngozi, ila yake hupenda kovu. Kovu la moto ambalo halikupona vizuri, au kidonda cha mguu kilichokaa miaka mingi, huweza kugeuka kansa. Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vya aina hiyo mwaka 1828 na jina lake likabaki kwao. Katika kaunti ya mashamba ya miwa ambayo mengine huchomwa kabla ya kuvunwa, ya majiko ya mafiga matatu na taa za mafuta ya taa, makovu ya moto hayakosekani. Kuna pia melanoma ya wayo na ya chini ya ukucha, ile iliyoanzia kwenye kidole cha mguu cha Bob Marley na kumuua 1981.

Hata hivyo, kwa hesabu ya kurudi thieta, mwenye ualbino ndiye mteja wa kudumu. Naona vyema kuongeza, kwa kuwa magazeti yetu huwataja watu hawa panapokuwa na msiba tu, kwamba mtahiniwa aliyeongoza nchi nzima katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, wa 2017, kwa alama 455, alikuwa msichana mwenye ualbino kutoka shule ya St Anne's, Lubao. Hiyo ni Lubao hii hii ya Kakamega.

Turudi thieta ndogo. Maumivu ya upasuaji mdogo wa ngozi kwa kawaida hayako kwenye kisu. Yako kwenye sindano inayotangulia kisu. Mgonjwa amelala chali, uso umepakwa dawa ya kuua vijidudu, kitambaa chenye tundu kimewekwa kuzunguka kidonda, na sauti inasema: pole Kukhu (bibi), utahisi kitu kidogo kama siafu. Siafu huyo hudungwa mara tatu, nne, sita, kuzunguka kidonda chote, kwa sababu dawa inabidi ifike kila upande ambao kisu kitapita. Kansa haikatwi kwenye ukingo wake. Daktari huacha mpaka wa ngozi inayoonekana nzima, milimita 4 kwa kansa ndogo isiyo na hatari kubwa, milimita 6 au zaidi kwa iliyo mbaya, na mpaka huo wote lazima ufe ganzi.

Dawa yenyewe ni lignokeini. Iliundwa Uswidi mwaka 1943 na Nils Löfgren, na mwenzake Bengt Lundqvist akajidunga mwenyewe ili aone inavyofanya kazi. Ikaingia sokoni 1948, na hadi leo ndiyo inayotumika kuanzia zahanati hadi hospitali kuu. Huziba milango midogo ya sodiamu iliyo kwenye utando wa neva, na neva isiyoingiza sodiamu haiwezi kupeleka ujumbe. Shida ni kwamba dawa ya chupani ina asidi, na iliyochanganywa na adrenalini ili kupunguza damu ina asidi zaidi. Ndiyo sababu inachoma wakati inaingia. Puani na sikioni huuma kupita kiasi kwa sababu nyingine: huko ngozi imebana juu ya gegedu, haina nafasi ya kupokea maji, kwa hiyo kila tone hulazimisha tishu kuachana.

Sasa fikiria mtu ambaye amepitia hayo mara nane. Anaona doa jipya kwenye paji la uso. Anajua ni nini kuliko daktari yeyote. Anajua pia sindano ilivyo. Anasubiri. Anasema nitakwenda shule zikifunguliwa, nitakwenda tukishavuna, nitakwenda likikua kidogo. Watu humwita mzembe, na mimi nadhani wanakosea. Ni mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Maumivu yasiyotulizwa leo hulipwa na uvimbe mkubwa kesho, na hilo ndilo jambo ambalo hesabu za bajeti ya dawa haziwezi kuliona, kwa sababu krimu ya ganzi huandikwa katika ukurasa mmoja na mgonjwa aliyechelewa katika ukurasa mwingine.

Ganzi ya kwanza ya kisasa ilikuwa ya kudondosha. Mwaka 1884, mjini Vienna, daktari kijana Carl Koller alidondosha maji ya kokeini jichoni, na jicho likakubali kuguswa bila kufumba. Jicho na mdomo ni rahisi, kwa kuwa utando wake ni laini na unyevu. Ngozi ni ukuta. Tabaka lake la nje limeumbwa lisipitishe kitu, na kwa miaka mia moja kila aliyejaribu kupaka dawa ya ganzi juu ya ngozi nzima alipata matokeo ya mashaka. Jibu lilipatikana kwa ujanja wa kikemia. Ukichanganya unga wa lignokeini na unga wa prilokeini kwa vipimo sawa, mchanganyiko huyeyuka na kuwa mafuta katika joto la kawaida la chumba, jambo ambalo kila unga peke yake haulifanyi. Mafuta hayo, yakiwa asilimia 2.5 kwa 2.5 ndani ya krimu, hupenya. Krimu hiyo ilianza kuuzwa Uswidi mwaka 1984, karne kamili baada ya Koller, kwa jina la EMLA. Leo hutengenezwa na kampuni nyingi.

Hupakwa kwa unene, kama sukari ya kupamba keki, haisuguliwi, kisha hufunikwa kwa plastiki nyembamba isiyopitisha hewa. Halafu husubiriwa. Baada ya dakika 60 ganzi hufika kina cha milimita 3 hivi. Baada ya dakika 120, milimita 5. Ngozi ya usoni ni nyembamba na hupokea haraka zaidi. Utafiti mdogo wa Marekani wa 1986 ulidokeza kwamba krimu haikufanya kazi vizuri kwenye ngozi nyeusi kama ilivyofanya kwenye nyeupe, na hilo lingepaswa kuwa onyo kwa yeyote anayepaka dakika 20 kisha anasema krimu haifai.

Ni vyema kusema wazi krimu hii haiwezi nini, maana wauzaji hawatasema. Haitoshi peke yake kukata kansa iliyozama. Milimita 5 ni kina kidogo ukilinganisha na kisu kinachoshuka hadi kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Inatosha kwa kukwangua magamba ya jua, kwa kuchukua kipande chembamba cha juu cha kupeleka maabara, na, kwa muda wa nusu saa hivi, kwa kusafisha kidonda cha mguu chenye uchafu uliokufa kabla ya daktari kuamua kama kuna kansa chini yake. Kwa upasuaji kamili kazi yake ni moja: kuifanya sindano isisikike inapoingia. Sindano inabaki. Siafu ndiye anayeondoka.

Wahudumu wengi husikia "dakika 60" wakacheka. Thieta ndogo ina orodha ndefu, na hakuna kitanda cha kulaza mtu saa nzima akisubiri krimu. Lakini tazama jinsi siku ya kliniki inavyokwenda katika hospitali yoyote kubwa ya kaunti, ikiwemo ile ya rufaa na mafunzo iliyo mjini Kakamega. Mgonjwa amepanda matatu alfajiri. Amefika, amechukua faili, amepima presha, amekaa kwenye benchi. Anaketi hapo muda mrefu kuliko krimu yoyote inavyohitaji. Saa ipo tayari, imeshalipwa na mgonjwa mwenyewe, na inapotea bure. Muuguzi wa mapokezi akiwa na kalamu ya kuchora ngozi, bomba la krimu na plastiki, na daktari akiwa amezungushia kidonda duara, kazi ya ganzi inaweza kufanyika kwenye benchi. Mgonjwa wa kurudi aliyefundishwa kiasi na mahali anaweza hata kupaka nyumbani Ikolomani kabla ya kupanda gari, kama wazazi wa nchi nyingine wanavyofanya kwa watoto wanaokwenda kutolewa damu. Sioni gharama kubwa hapo isipokuwa ya mtu kuamua.

Magharibi ya Kenya inajua mambo haya kuliko inavyojidhania. Kampeni ya tohara ya hospitalini ya kupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi ilianza 2008, baada ya utafiti wa Kisumu wa wanaume 2,784 uliochapishwa 2007, na tangu hapo vijana wengi mno wa eneo hili wamekutana na lignokeini kwa mara ya kwanza wakiwa wamelala kwenye kitanda cha tohara. Kisha ukaja utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa 2019, ambao ulilinganisha krimu ya ganzi na sindano kwa wanaume na wavulana waliotahiriwa kwa kifaa cha pete kiitwacho ShangRing. Krimu iliwatosha wengi. Yaani katika nchi hii hii imethibitika kwamba mvulana anaweza kuepushwa sindano sehemu ya mwili ambayo hakuna anayependa kudungwa. Ukiniuliza kwa nini ujuzi huo haujavuka korido hadi chumba cha ngozi, nitakujibu kwamba tohara ilikuwa na wafadhili na hesabu za kila mwezi, na kidonda cha sikio la mtu mmoja hakina.

Bomba la krimu likikosekana, na mara nyingi litakosekana, bado hakuna ruhusa ya kumuumiza mtu. Kuna mambo ya bei ya chini ambayo kila tabibu aliyefundishwa vizuri anayajua na wachache huyafanya siku ya foleni. Chukua mililita 9 au 10 za lignokeini, ongeza mililita 1 ya sodiamu baikabonati ya asilimia 8.4: asidi inapungua, na uchomaji nao. Pasha chupa moto hadi joto la mwili, hata mfukoni mwa koti. Tumia sindano nyembamba kuliko zote zilizopo. Anza kudunga mahali palipo na ngozi legevu, kisha songa ukipitia palipokwisha kufa ganzi, ili mgonjwa asisikie mchomo mpya kila mara. Zaidi ya yote, sukuma polepole. Uharaka ndio unaouma. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi kwa dakika mbili husaidia pia, na hapo tumerudi kwa James Arnott, na kwa mto.

Nimesema mchelewaji hulipa. Kwa ganzi hulipa mara mbili, na sababu yake ni ya kikemia. Lignokeini huingia ndani ya neva ikiwa katika umbo lisilo na chaji. Kidonda kilichooza, chenye usaha na uvimbe, kina asidi. Katika asidi dawa hubaki katika umbo lenye chaji na hushindwa kuvuka utando. Mishipa iliyovimba nayo huisomba dawa haraka na kuiondoa mahali pake. Ndiyo maana mtu aliyekuja na doa la sentimita moja huondoka akisema hakusikia kitu, na yule aliyekuja na kidonda kilichokula nusu ya shavu hupiga kelele baada ya kudungwa chupa nzima. Huyu wa pili hatakiwi kuwa kwenye thieta ndogo. Anahitaji kulazwa usingizi kamili, na kwa wengi hiyo ni safari ya Kisumu au Eldoret, na gharama ambayo familia huanza kuichangisha kanisani.

Kiasi nacho kina mpaka. Kwa lignokeini bila adrenalini, kipimo cha juu kinachotumiwa na wengi ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mwili. Ikiwa na adrenalini, 7. Mtu wa kilo 60 hafai kuzidishiwa mililita 27 za dawa ya asilimia 1 isiyo na adrenalini, na kama chupa ni ya asilimia 2, nusu ya hapo. Mwenye ualbino huja na vidonda vitano siku moja, anataka vyote viondoke asirudi, na daktari mwenye huruma hushawishika. Krimu iliyopakwa pia huhesabiwa. Mgonjwa akisema midomo inamwasha, masikio yanavuma, kinywani kuna ladha ya chuma, hapo kazi husimama mara moja, kwa kuwa kinachofuata huwa degedege.

Prilokeini ina hatari yake kwa watoto wachanga. Inaweza kubadili hemoglobini ya damu isibebe oksijeni ipasavyo, hivyo krimu hiyo si ya kujipakia tu. Isikaribie jicho. Na kuna matumizi ya aina moja ambayo ni mabaya kuliko yote, nayo ni ya mtu anayekwenda kemisti kutafuta krimu ya ganzi ili kidonda kisichopona kisimsumbue usiku. Kidonda kilichozidi mwezi bila kufunga kinahitaji kukatwa kipande na kupimwa. Kukituliza ni kukipa nafasi. Dawa za kienyeji zinazochoma ngozi ni balaa la upande wa pili: hubabua juu, hutengeneza kovu zuri la kutazama, na chini yake mizizi inaendelea.

Dawa za kuchoma, kusema kweli, ziliwahi kuwa sayansi ya heshima. Frederic Mohs, daktari wa Wisconsin, Marekani, alianza miaka ya 1930 kupaka kloridi ya zinki juu ya kansa ya ngozi ili tishu igande, kisha akaikata tabaka kwa tabaka na kuitazama kwa hadubini hadi mwisho wa kansa. Ilifanikiwa sana. Pia iliuma sana, na siku nzima ilipita kabla ya tabaka moja kuwa tayari. Kilichoifanya njia yake ienee duniani ni kuachana na zinki: kukata tishu mbichi chini ya ganzi ya sindano, njia ambayo Theodore Tromovitch na Samuel Stegman waliitolea taarifa 1974. Kupunguza maumivu hakukuwa pambo la upasuaji huo. Ndiko kulikoufanya uvumilike hadi ukamilike.

Upasuaji wa Mohs hauko karibu na mkulima wa Matungu, na sitajifanya kudai uletwe kesho. Kielelezo cha karibu kiko Moshi, Tanzania. Huko, katika hospitali ya KCMC, Kituo cha Mafunzo ya Ngozi cha Kanda kilichoanzishwa 1992 hufundisha maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika kutambua na kutibu magonjwa ya ngozi, na kwa miaka mingi kimekuwa na kliniki za watu wenye ualbino, zikiwemo zinazowafuata vijijini. Huko huko hutengenezwa mafuta ya kukinga jua ya KiliSun kwa ajili yao. Kinachovutia ni mpangilio: mafuta, ukaguzi wa ngozi na upasuaji mdogo viko mikononi mwa watu wale wale, kwa hiyo anayekuja kuchukua mafuta hutazamwa masikio, na anayekutwa na doa hatumwi kwenye foleni nyingine. Kenya nayo hutoa mafuta ya kukinga jua kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na hospitali za serikali. Mtu anayefuata chupa yake ya mafuta hospitalini ameshafika pale panapotakiwa, na kilichobaki ni mtu wa kumvua kofia na kumtazama.

Kuhusu dawa zenyewe, lignokeini ya sindano na ya kupaka zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaougua na kufa kwa maumivu yanayotibika, na jambo lililojitokeza humo halikuwa bei ya dawa peke yake. Yalikuwa pia mazoea ya wahudumu ya kuyaona maumivu kama sehemu ya ugonjwa. Ripoti ilihusu mofini na wagonjwa mahututi. Mazoea hayo hayo ndiyo yanayoingia thieta ndogo na kusema jikaze.

Nani aagize, basi? Kamati ya dawa ya hospitali ya kaunti huamua kitakachoombwa kwa KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa nchini, na mkuu wa chumba cha ngozi asipoandika krimu ya ganzi kwenye fomu yake, hakuna atakayemwandikia. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kabla ya kulala kitandani: kuna ya kupaka? Kama haipo, mtachanganya baikabonati? Mtasukuma polepole? Ni maswali ya adabu, hayamkosei daktari heshima, na mzee anaweza kuyauliza bila kuonekana mwoga mbele ya wajukuu.

Ganzi ya lignokeini huisha baada ya saa moja au mbili. Yenye adrenalini hukaa zaidi. Anayerudi Shinyalu kwa boda boda ameze paracetamol kabla haijaisha, asingoje kidonda kiamke njiani kwenye barabara ya mashimo. Kipande kilichokatwa hupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, na majibu yake ndiyo yatakayosema kama mpaka ulikuwa safi au kisu kitarudi. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, za mguuni huachwa hadi 14. Kuzitoa kwa kawaida hakuhitaji ganzi yoyote.